Mguu Wangu Ulivyovimba Nikiwinda Bunduki ya Dhahabu

Nawasalimu nyote mnaosoma haya, wazima na wagonjwa. Walio vitandani ndio ninaowaandikia zaidi, kwa kuwa najua dari la wodi linavyochosha macho.

Jina langu ni Shija. Wazazi wangu walitoka Usukumani na ng'ombe wao nikiwa bado nabebwa mgongoni, wakatua Zombo, huku wilayani Kilosa, na hapo ndipo nilipokulia. Sasa naishi Mikumi na mke wangu Rehema, mzaliwa wa Kidodi, pamoja na binti yetu Neema. Mimi ni dereva wa lori la miwa. Nabeba miwa kutoka kwenye mashamba ya wakulima wadogo, naipeleka kiwandani, naimwaga, narudi kuchukua mingine.

Kabla ya kuugua nilikuwa na afya ya kuringia. Sikuwahi kulala hospitali hata mara moja. Malaria yenyewe ilikuwa ikinipata nikiwa kazini na kuniacha nikiwa kazini. Nikisikia mtu mzima analalamika mgongo au magoti nilimcheka usoni, nikamwambia aache kula vya kukaanga. Hujafa hujaumbika, wahenga walisema, lakini mimi nilidhani walikuwa wanawasema wengine.

Sasa nitawaeleza jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo hamtanielewa. Msimu wa miwa ukipamba moto, malori hupanga foleni ndefu nje ya kiwanda kungoja mzani. Foleni hiyo haina saa. Inaweza kusogea sasa hivi, inaweza kukaa nusu siku. Dereva akishuka, hata kama ni kwenda kichakani, akakuta foleni imesogea, wenzake wanampita na hakuna wa kumhurumia. Kwa hiyo sisi madereva wa miwa tunajifunza mambo mawili: kukaa, na kutokunywa maji. Aliyefuzu anakunywa chai asubuhi, kisha hagusi kitu chochote cha majimaji mpaka ameshamwaga mzigo. Mimi nilikuwa nimefuzu. Wenzangu waliniita Mzizi, kwa sababu nikishakaa sing'oki.

Kwenye foleni hiyo hiyo ndipo dereva mwenzangu aliponionyesha mchezo. Unachezwa kwenye simu, mtandaoni, na watu wa kila nchi. Jina lake ni refu na la Kiingereza, sisi tunauita Makasha tu. Wewe ni askari kwenye sayari ya mbali ambayo imetekwa na mashine. Unazipiga risasi, na kila mashine ikianguka inaacha kasha. Ndani ya kasha mna silaha, au kofia, au viatu vya kurukia. Ukiona mwanga mweupe ujue ni takataka. Kijani ni afadhali, bluu ni nzuri, zambarau unapiga kelele. Dhahabu mimi nilikuwa naiona kwa wenzangu tu.

Nauzungumziaje mchezo huu bila kudanganya? Niliupenda, na bado naupenda. Anga la ile sayari lina miezi miwili, na mara ya kwanza nilipoiona ikichomoza nilisahau kupiga risasi, nikauawa nimeduwaa. Lakini pia niliuchukia kwa moyo wote. Unahangaika wiki nzima kutafuta bunduki, unaipata, kesho kampuni inabadilisha mambo na bunduki yako inageuka manati. Mtandao unakatika ukiwa hatua mbili kutoka kwenye kasha. Nilikuwa naapa kila jioni kwamba nimeacha. Rehema alinizoea, akawa ananijibu, "Haya Baba Neema, tuonane kesho humo humo."

Tena sikuwa peke yangu. Kikosi ni cha watu watatu. Mimi nilijiita Miwa. Wa pili alijiita Profesa, na kwa kazi ni fundi wa kuchomelea mageti huko Dodoma. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito aliyejiita Kiazi. Huyu Kiazi alikuwa na shabaha ya kutisha na mdomo mchafu wa utani. Hakuna aliyejua jina lake wala anafanya nini. Tulisikiana kila siku kwa hedfoni, tukatukanana vizuri, tukacheka, lakini sura za wenzetu hatukuzijua.

Masika yalipoingia kiwanda kilifungwa kwa matengenezo, kama kawaida. Lori likaegeshwa kwenye kiwanja kilicho juu kidogo ya nyumba yetu, nami nikabaki sina kazi mpaka msimu ufunguliwe. Nyumbani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, lakini ndani ya kichwa cha lori ulikamata vizuri, na simu niliichaji hapo hapo. Mvua inapiga juu ya bati la kichwa cha lori, vioo vimefunikwa na ukungu, na mimi nipo kwenye sayari yangu. Niliingia baada ya chai ya asubuhi, nikatoka watu wanaandaa chakula cha jioni. Sponji ya kiti ilikuwa imeshakufa siku nyingi, hivyo nilikuwa nimeweka ubao chini ya mapaja. Ubao ule ulinikata nyuma ya magoti, nami nikauzoea. Maji sikunywa. Mchezo wa mtandaoni haungoji mtu aende haja. Ukiondoka, wenzako wanauawa kwa sababu yako. Niliona ajabu kwamba kazi yangu ngumu kuliko zote ilikuwa imeniandaa kwa starehe. Wengine walichoka, Mzizi hakuchoka.

Siku moja jioni nikashuka kutoka kwenye lori, mguu wa kushoto ukakataa. Ulikuwa umekufa ganzi, ukakosa ngazi, nikaporomoka mpaka kwenye matope. Nikacheka, nikajipangusa. Asubuhi yake shavu la mguu lilikuwa linauma, maumivu ya ndani ndani, kama msuli uliokaza ukakataa kulegea. Sote tukajua nimeteguka. Nani asingejua? Nimeanguka, mguu unauma.

Ukaanza kuvimba. Ngozi ilinyooka ikawa inang'aa, ukibonyeza kwa kidole kinabaki kishimo. Suruali ya kanisani ilipita mguu mmoja, wa pili ikagoma. Tena ulikuwa na joto. Neema aliweka kiganja hapo akasema, "Baba, mguu wako una homa." Tukacheka wote.

Ukiteguka huku kwetu, huendi hospitali, unakwenda kwa mchuaji. Na mchuaji mwenyewe alikuwa wa nyumbani: Bi Zena wa Kidodi, shangazi yake Rehema. Wakata miwa wote wanamjua. Mtu anafika kwake amebebwa kwenye baiskeli, anaondoka akiiendesha. Rehema akampigia simu, naye akaja na kopo lake la mafuta ya kondoo, anayonunua mnadani kwa wafugaji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umefanyaje?"

"Nimeteleza kwenye ngazi ya lori."

Akaupapasa mguu, akakunja uso. "Mbona una moto hivi?"

"Kuteguka kumekaa sana, shangazi. Nilichelewa kukuita."

Akakubali, kwa sababu lilikuwa jibu la maana. Akaukanda kwa maji ya moto na kitambaa, kisha akapaka mafuta, akaanza kuchua kutoka kwenye kifundo kupandisha juu, kwa vidole gumba vyote viwili. Ndugu zangu, niliuma taulo. Jasho lilinitoka mpaka shuka likalowa. Alipomaliza nilisikia nafuu kidogo, nikamshukuru. Alirudi tena na tena, na kila mara mguu ulikuwa mnene kuliko alivyouacha. Mara ya mwisho alichua kwa nguvu zake zote, maskini, akiamini ananisaidia. Na mimi niliamini hivyo hivyo.

Kesho yake nikaamka na kichomi upande wa kulia. Nikivuta pumzi ya kawaida, kinachoma. Nikivuta kubwa, nasikia kama nimechomwa mkuki. Nikiongea sentensi ndefu lazima nipumzike katikati. Nikakohoa, nikatema, nikaona uzi mwekundu kwenye makohozi. Nikajiambia ni fizi. Rehema alitaka twende hospitali siku hiyo hiyo, nikamjibu ni baridi ya masika, nikalala na chai ya tangawizi.

Sasa ilikuwa imefika siku ya Mama wa Chuma. Huyo ni jitu kuu la mchezo, mashine yenye miguu mingi, linaloletwa kwa muda mfupi tu kisha linaondolewa, na kasha lake lina bunduki ya dhahabu. Mimi na bunduki hiyo tulikuwa na historia ndefu. Kwenda lorini sikuweza, kwa hiyo nilivaa hedfoni nikiwa kitandani, nimeegemea mito, mchana kweupe, Rehema yuko uani anafua.

Tulipigana vizuri kuliko siku zote. Mama wa Chuma alikuwa amebakiza uhai kidogo tu, mstari mwembamba mwekundu. Nikasikia sauti ya Kiazi.

"Miwa, wewe unakimbia?"

"Nikimbie vipi... na nimelala?"

"Basi mbona unahema hivyo?"

"Kifua kinabana. Kichomi tu. Pigeni, pigeni!"

"Na ule mguu uliosema unachuliwa?"

"Upo. Kiazi, mbele yako!"

"Umevimba mmoja au yote miwili?"

"Mmoja! Piga basi!"

Hakupiga. Nilimwona kwenye kioo, askari wake mwenye kofia ya zambarau, amesimama katikati ya uwanja na bunduki imeelekea chini. Mashine zinamjia, yeye hasogei.

"Sipigi," akasema. "Mpe simu mtu mzima aliye karibu nawe."

"Mimi ni mtu mzima!"

"Mtu mzima mwenye akili."

Profesa alikuwa anapiga yowe kutoka Dodoma. Kiazi akaangushwa, Profesa akaangushwa, nami nikafuata. Kioo kikawa chekundu na Mama wa Chuma akaondoka zake mzima. Nilimtukana Kiazi. Nilimtukana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na katikati ya tusi pumzi ikakatika. Nilifungua mdomo, hewa haikuingia. Midomo ilikufa ganzi. Moyo ulikuwa unapiga mbio na mimi sijasogea hata inchi. Nikafanikiwa kugonga ukuta.

Rehema akaingia na povu mikononi. Hedfoni zilikuwa zimechomoka kwenye simu, sauti ikawa inatoka hadharani.

"Dada, samahani, sijui umri wako, kama ni shikamoo basi shikamoo," Kiazi alikuwa anasema. "Mimi ni muuguzi. Naitwa Sekela, niko Tukuyu. Mumeo asitembee. Asichuliwe tena kabisa. Mpeleke hospitali sasa hivi, umwambie daktari: mguu mmoja umevimba na sasa kifua kinabana. Sema hivyo hivyo. Rudia nisikie."

Rehema alinitazama, akaitazama simu, akarudia. Baadaye sana, nikiwa wodini nimeanza kupata nafuu, aliniuliza kwa upole wa kutisha, "Baba Neema, huyo ni mwanamke gani anayejua unavyohema?" Lakini siku ile hakuuliza. Alimwita jirani mwenye bajaji, wakanibeba kwenye shuka.

Hospitali ya hapa Mikumi tulipokewa na daktari msichana, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Rehema akasema maneno yale kama alivyofundishwa. Daktari hakuandika kitu. Alichukua utepe kama wa fundi cherehani, akapima mguu huu na ule, akanibana kidude kwenye kidole, akasoma, akasema, "Mzee, kuanzia sasa hushuki kitandani hata kwa kwenda msalani." Wakaniwekea oksijeni puani, wakanichoma sindano, wakaita gari la wagonjwa linipeleke Morogoro.

Barabara ya Mikumi kwenda Morogoro inapita katikati ya hifadhi. Nimeipita maisha yangu yote, nikiwatukana nyani na matuta. Siku ile nililala chali nikaona tu mawingu na, mara moja, kichwa cha twiga kikipita juu ya dirisha. Niliogopa kufa. Nasema wazi, kwa sababu sisi wanaume tunajifanya hatukuogopa. Nilimshika Rehema mkono nikamwomba Mungu kwa Kisukuma, lugha ambayo sikuwa nimeomba kwayo tangu utotoni.

Morogoro walinipaka mafuta ya baridi mguuni, wakapitisha kipimo cha utrasaundi kuanzia kinenani mpaka chini. Wakanipiga picha ya kifua. Kisha daktari bingwa, baba wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akaja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bwana Shija, damu yako imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Kipande kimekatika, kimesafiri mpaka kwenye mapafu, kimeziba. Ndiyo maana unakosa pumzi. Mguu huu ulichuliwa?"

Rehema akatazama sakafu. "Ulichuliwa," nikasema.

"Huenda ndiko kulikokisukuma. Unafanya kazi gani?"

Nikamweleza kuhusu lori, kisha nikamweleza kuhusu mchezo, na kiti, na ubao, na maji. Alisikiliza bila kunikatiza. Akasema damu ya mtu asiyesogea na asiyekunywa maji inalala kama maji ya mfereji ulioziba, na inayolala inaganda. Rehema akamuuliza, "Atapona, daktari?"

"Akivuka siku hizi chache, nina matumaini makubwa. Wengi wenye hali hii wanatufikia wakiwa wameshachelewa. Nani aliwaambia muwahi?"

"Kiazi," Rehema akajibu, na daktari akadhani hakusikia vizuri.

Sitawachosha na mambo ya wodini, ila msidhani yalikuwa mepesi. Nilichomwa sindano za tumboni asubuhi na jioni mpaka tumbo likawa na madoa ya kijani na zambarau. Nilijisaidia kwenye beseni, mwanaume mzima, mke wangu amenigeuzia mgongo ili nisione aibu. Nilikuwa nikilala naota napiga mashine, naamka vidole gumba vinacheza hewani. Niliutamani mchezo kuliko nilivyotamani nyama, na huku naulaani. Siku ya kwanza waliponisimamisha, nilikwenda mpaka dirishani nikarudi nikiwa hoi kama niliyepakia lori zima kwa mikono.

Bi Zena alifunga safari kutoka Kidodi kuja kuniona. Alikaa kwenye kiti, hakufungua hata kikapu chake, akaanza kulia.

"Mikono yangu ingekuua, mwanangu."

"Shangazi, ugonjwa niliutengeneza mwenyewe. Wewe ulikuja kunisaidia."

"Na wangapi nimewachua hivi?"

Daktari bingwa alikuwa anapita, akasimama. Sitasahau alichofanya. Hakumgombeza. Alivuta shuka, akamchukua mama yule mkono, akamwekea kwenye mguu wangu mmoja kisha kwenye wa pili, akamweleza: mguu ulioteguka huuma kwenye kiungo, huu unauma kwenye shavu, umevimba mmoja, una joto, ngozi inang'aa. Ukiukuta wa namna hii usiuguse, mwambie aje. Bi Zena alifuta machozi akauliza maswali mpaka daktari akatazama saa. Bado anachua hadi leo huko Kidodi, wala asiache, maana kwa kuteguka hana mpinzani. Lakini anaanza na miguu yote miwili, na wapo aliowarudisha njiani kwenda hospitali kabla hawajakaa kwenye mkeka wake.

Niliporudi Mikumi nilikuwa navaa soksi ndefu ya kubana na nameza vidonge vya kuzuia damu kuganda. Vidonge hivyo vina masharti. Ukipiga mswaki fizi zinatoka damu, ukijigonga kidogo unapata alama nyeusi, hata mboga za majani unakula kwa kipimo kile kile usizidishe leo ukapunguza kesho. Nilikuwa nakwenda Kilosa kupima damu, na kila basi liliposimama nilishuka nikazunguka hapo chini, abiria wakiniona mwehu. Nikikohoa tu, Rehema anasimama mlangoni. Hofu ya ugonjwa huu inachelewa kupona kuliko mguu.

Nilianza na kutembea mpaka kwa jirani mwenye bajaji. Baadaye mpaka barabara kuu. Kiwanda kilipofunguliwa tajiri wangu alimpa mwingine lori, nikaumia moyo. Alinirudishia msimu ukiwa umeshakolea, nikarudi kazini. Siku ya kwanza kwenye foleni nilishuka nikaanza kulizunguka lori langu na chupa ya maji mkononi. Madereva wakacheka, "Mzizi umeng'oka!" Nikawasimulia, na nilipofika kwenye uzi mwekundu wakaacha kucheka. Mmoja akakunja suruali kimya kimya, akalinganisha miguu yake. Tulikubaliana hapo hapo kwamba dereva aliyeshuka kunyoosha miguu au kujisaidia hapitwi. Halijaandikwa popote, lakini anayelivunja anazomewa foleni nzima.

Na mchezo? Najua mnangoja hapo. Daktari aliniambia, "Mchezo haukukudhuru, kukaa ndiko kulikokudhuru." Namheshimu sana, ila hapo simkubalii moja kwa moja. Mchezo ule umetengenezwa na watu wanaojua kumfanya mtu akae. Kasha liko mbele kidogo tu, daima mbele kidogo. Hata hivyo siwezi kuutukana bila kujitukana mwenyewe, kwa sababu ni humo humo alimokuwamo mtu aliyesikia ninakufa wakati mimi mwenyewe sijasikia. Kwa hiyo nilirudi. Rehema aliruhusu kwa masharti, na masharti yenyewe aliyapanga na Kiazi kwa simu bila kunishirikisha. Kila pambano likiisha kikosi kizima kinasimama, kinakunywa maji, kinatembea. Profesa anapiga pushapu huko Dodoma huku analalamika. Tumekuwa kikosi kibovu, wengine wanatupita. Bunduki ya dhahabu bado sina.

Wewe unayesoma umekaa, tafadhali simama kidogo, maneno hayatakimbia. Kunywa maji, hata kama itabidi uombe kwenda haja katikati ya jambo muhimu. Mguu mmoja ukivimba ukawa na joto, usiukande, usiuchue, usiungoje. Nenda. Na ukiwa mgonjwa kitandani sasa hivi, pumzi fupi, nakuambia pumzi ndefu hurudi. Hairudi yote kwa mara moja, ila hurudi. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale madaktari wawili, na mke wangu aliyerudia maneno asiyoyaelewa ya mwanamke asiyemjua.

Juzi juzi Kiazi alisafiri kutoka Mbeya kwenda Dar, na basi lake lilisimama hapa Mikumi ili abiria wapate chakula. Mimi, Rehema na Neema tulikwenda kumpokea. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima ya shukrani. Akashuka mama mfupi, mnene, mwenye mtoto mgongoni, akawa anatazama watu. Nilimtambua alipofungua mdomo kumuuliza kondakta wanasimama kwa muda gani.

"Dada Sekela," nikamwita.

Hakunisalimia, hakunipa mkono. Alinitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Tembea mpaka pale kwenye lile gari jekundu, urudi. Haraka haraka."

"Watu wanaangalia."

"Waangalie."

Nikaenda. Wauza korosho wakanipisha, abiria wakageuza shingo. Niliporudi nilimkuta amesimama pale pale, Rehema pembeni yake. Nikaanza hotuba yangu, akaninyamazisha kwa kidole. Alikuwa amefumba macho. Nikasimama mbele yake nikihema, na yeye akasikiliza, akasikiliza, mpaka kondakta akaanza kuita watu wake.

Akafumbua macho. Yalikuwa na machozi.

"Umepona," akasema. "Sasa na wewe niombe radhi. Yale matusi yako siku ile, mtoto huyu alikuwa tumboni, ameyasikia yote."